Watu sita, kiangazi kimoja, kutoka mwisho wa reli: kisa chetu cha kutembea sehemu nyingi kwa hela ndogo

Watu wa Kigoma tunaambiwa tuko mwisho wa reli, na ukiwa mtu wa kupenda bembea kubwa, mabwawa ya mitelezo, hifadhi na makumbusho unaelewa haraka sana kwa nini, maana karibu kila sehemu unayoiona kwenye simu ukaitamani iko upande ule mwingine wa reli. Kisa hiki ni cha kundi letu la hapa mjini, watu sita, ambao kiangazi cha 2025, kuanzia shule zilipofunga mwezi wa sita mpaka Nanenane ilipoisha, tulizunguka sehemu nyingi kuliko ambavyo yeyote kati yetu aliwahi kuzunguka, na hakuna aliyekopa wala aliyeuza simu. Mimi ndo nilikuwa nashika daftari la hela kwa hiyo naandika likiwa wazi mbele yangu, na nataka nichambue kwa nini iliwezekana kwa sababu inaniuma kusikia vijana wenzangu wanasema kutembea ni mambo ya wenye magari na wazungu.

Tulikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ujiji, nesi, fundi simu wa Mwanga, dada anayeuza mawese na dagaa kwa jumla, kijana wa bajaji, na mimi mwenye stationeri. Hakuna mwenye kipato cha kutisha hapo. Tena vipato havifanani, mwalimu na nesi wana mshahara wa mwezi, sisi wengine ni ya leo leo, na hilo lilikuwa tatizo la kwanza kabla hata hatujaongelea tunaenda wapi.

Aliyewasha moto ni fundi. Ana binamu yake Marekani, jimbo la Ohio, na kila mwaka ikifika mwezi wa tano huyo binamu anaanza kutuma video za rolakosta, zile bembea kubwa za vigari vinavyokimbia kwenye reli ya kupanda na kushuka, leo yuko Cedar Point kule Sandusky kando ya ziwa Erie, wiki mbili baadae yuko Kings Island karibu na Cincinnati, na fundi alikuwa anajiuliza huyu mtu anafanya kazi ghala, hela anatoa wapi. Alipomuuliza ndo akaelezwa habari ya pasi ya msimu. Unalipa mara moja, unaingia mara nyingi unavyotaka mpaka msimu uishe, na kwa sababu kule baridi ikija bembea za nje zinafungwa, msimu wenyewe ni kama Mei mpaka Oktoba hivi. Halafu Julai 2024 kampuni mbili kubwa, Six Flags na Cedar Fair, ziliungana zikabaki na jina la Six Flags, zikawa na viwanja 27 vya bembea na 15 vya maji Marekani, Canada na Mexico, na mwenye pasi akiongeza kidogo alikuwa anaingia vyote. Kwa hiyo binamu na washkaji zake wanapakiana kwenye gari moja, wanachanga mafuta, wanazunguka.

Fundi akaja na hiyo habari amechangamka anataka na sisi tufanye hivyo hivyo. Mwalimu akamuuliza swali moja tu, hiyo pasi huku inauzwa wapi? Haiuzwi. Lakini mi nikawaambia tusiitupe hiyo habari haraka, tuangalie inafanya kazi vipi, kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili. La kwanza, bembea ikishasimikwa gharama yake ni ile ile ukipanda wewe au wakipanda mia, ndo maana wenye viwanja wanakubali kukuuzia pasi rahisi, wanataka hela yako mapema kabla msimu haujaanza, halafu ukishakuwa ndani utanunua chakula. La pili ni upande wa mnunuzi, hela ikishatoka haina tena kujiuliza niende nisiende. Ukishalipa unaenda. Kinachotuua sisi huku wala sio umaskini peke yake, ni kwamba kila safari inaanza upya kutoka sifuri, kila mtu anasema subiri kwanza, na kiangazi kinaisha.

Tukaamua kutengeneza pasi yetu wenyewe. Tulifungua kikundi cha M-Koba mwezi wa kwanza, kila Jumamosi mtu anaingiza elfu kumi, nilipendekeza hiyo kwa sababu hela inakaa kwenye simu kwa jina la kikundi na haitoki mpaka wengine waidhinishe, hata mimi mwenye daftari siwezi kuichota peke yangu. Wa mshahara waliruhusiwa kulipa ya mwezi mzima kwa mkupuo, wa leo leo wanalipa hata elfu mbili mbili ilimradi Jumamosi ikifika imetimia. Kanuni ngumu ilikuwa moja na tuliisoma kwa sauti siku ya kwanza: ukijitoa hurudishiwi hela ambayo imeshalipia kitu, ila nafasi yako unaweza kumuuzia mtu mwingine ambaye sisi tunamfahamu. Kuna watu waliona ni roho mbaya. Mi naona bila hiyo kanuni kusingekuwa na safari hata moja, maana kwenye boti ya kukodi mtu mmoja akitoka waliobaki wanabeba mzigo wake.

Sasa hapa kwenye boti ndo pana moyo wa kisa chenyewe. Nilikaa na dada wa mawese, yule mwanamke anajua hesabu kuliko watu wengi wenye vyeti, tukaanza kugawa gharama za kila sehemu mafungu mawili. Fungu moja ni zile ambazo kila kichwa kinajilipia, kiingilio, nauli ya treni, sahani ya chakula. Kwenye hizo mkiwa wawili au ishirini hamuokoi kitu labda mpate punguzo la kundi. Fungu la pili ni zile ambazo bei ni moja mkiwa wangapi, boti ya kukodi, mwongoza wageni, chumba, bajaji. Marafiki wana faida ya kihela kwenye fungu la pili tu. Na tulipoangalia sehemu zote tulizoziandika, kwa mtu anayetoka Kigoma kiingilio kilikuwa ndo kitu kidogo, hela inaliwa na njia. Watu wanagombania punguzo la getini wakati njiani wameacha mara tano ya hiyo hela.

Na idadi ya sita haikutoka hewani. Bajaji inabeba watatu nyuma, kwa hiyo sita ni bajaji mbili zimejaa. Chumba cha gesti watu wawili, sita ni vyumba vitatu, tulikuwa wanawake wawili na wanaume wanne kwa hiyo hakuna anayebaki na chumba peke yake. Wakaja watu wakitaka kujiunga tukiwa tayari sita, rafiki wa saba alikuwa mtu mzuri tu lakini wa saba maana yake bajaji ya tatu inaenda na mtu mmoja na chumba cha nne kina mtu mmoja, yaani anatupandishia gharama sote. Kijana wa bajaji ndo aliyemweleza, na kwa kuwa anaijua hiyo hesabu kila siku aliielezea vizuri mpaka yule rafiki akaelewa akaomba awe akiba, atakayenunua nafasi mtu akikwama.

Tulianzia nyumbani. Watu wengi wa hapa mjini hawajawahi kukanyaga Gombe, hifadhi ya sokwe, iko kilomita 16 tu kaskazini mwa mji, ni kitu cha kusikitisha kabisa. Mama Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika pale tarehe 14 Julai 1960 akiwa binti wa miaka 26, dunia nzima ikaja kujifunza sokwe kupitia msitu wetu, hifadhi ikatangazwa 1968, na sisi tunapita Kibirizi kununua dagaa tukiona boti zinaondoka tunadhani zinabeba wazungu. Amefariki Oktoba 2025, miezi michache tu baada ya sisi kwenda, na nesi alilia siku ile habari ilipotoka.

Kwenda Gombe kuna njia mbili. Kuna boti za abiria zinazotoka Kibirizi mchana kwenda vijiji vya kaskazini mpaka Mwamgongo, ukiwaambia wanakushusha Kasekela, kwenye geti la hifadhi, na nauli yake ni ya kawaida ya wanakijiji. Ukisikia hivyo unasema basi imeisha, hii ndo ya bei rahisi. Dada wa mawese akasema hebu ngojeni, ikienda mchana inarudi saa ngapi? Inarudi asubuhi ya kesho yake. Kwa hiyo lazima ulale, na kulala ndani ya hifadhi kuna malipo yake, na siku ya pili mwalimu ana kikao, mi nafunga duka siku mbili badala ya moja, bajaji inalala bila hesabu. Ukiijumlisha yote boti ya kukodi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, ikigawanywa kwa sita, ilitoka chini. Ungekuwa peke yako ungepanda ya abiria bila kufikiria mara mbili, mkiwa sita jibu linageuka.

Mwenye boti tulikubaliana nae bei na mafuta yakiwemo, tukampa nusu. Asubuhi saa kumi na mbili tuko ufukweni, maji yametulia kabisa, akaanza kusema mafuta yamepanda tuongeze. Hiyo ndo sehemu ambayo makundi mengi yanalegea kwa sababu mmeshaamka, mmeshabeba vyakula, mnaona aibu kurudi nyumbani. Kijana wa bajaji akatoa simu akamsomea meseji yake mwenyewe aliyotuma wiki moja nyuma, bei hii, mafuta ndani, kwenda na kurudi. Alimsomea taratibu, kwa heshima, anamwita mzee wangu. Tukaondoka kwa bei ile ile. Makubaliano ya mdomo yangetugharimu pale pale.

Getini Kasekela malipo ni kwa kontrol namba, hakuna kupokea keshi, na ukitaka bei ya Mtanzania uwe na kitambulisho cha NIDA mkononi, kwa hiyo usiku wa kabla yake nilipita nyumba kwa nyumba kuhakikisha kila mtu ameweka kitambulisho mfukoni. Nesi nae alikuwa na ukaguzi wake, mwenye mafua haendi, kwa sababu sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua na wao hawana hospitali. Mwongoza wageni ni lazima na analipwa kwa kundi, fungu la pili hilo. Tulipanda mlima kwenye mabonde yale, jasho linatiririka, na tulipowafikia kulikuwa na jike limekaa kwenye mzizi na mtoto wake, mtoto anachezea jani, analivaa kichwani linaanguka analivaa tena. Fundi ambaye miezi yote alikuwa anaongea rolakosta alikaa kimya kuliko sisi wote. Mchana tulikula migebuka ya kukaanga na ugali wa muhogo tuliotoka nao nyumbani, ufukweni, kwenye eneo tulilooneshwa la kupumzikia.

Sehemu nyingine za hapa hapa, makumbusho ya Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone 1871, na ufukwe wa Jakobsen kule upande wa Katonga, hizo hazikuhitaji hesabu ya maana, ni bajaji mbili na jumapili moja. Ila tulizihesabu kama sehemu za msimu kwa sababu ndo zilizotuzoesha kuwa pamoja kabla ya safari ndefu. Tuligundua mapema nani akikaa na njaa anakuwa mkali.

Dar ilikuwa mtihani wenyewe, kule ndo kuna mitelezo ya Kunduchi Wet 'n' Wild na Fun City ya Kigamboni ambazo fundi aliziota. Kwa kundi la Kigoma kwenda Dar kwa ajili ya bwawa moja ni kuunguza hela, reli ya zamani mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Kwa hiyo kanuni ikawa hivi: Dar tunaenda mara moja, na kila kituo cha njiani chenye kitu tunakitumia. Tuliipanga iangukie mwisho wa mwezi wa sita kwa sababu mbili, mwalimu bado yuko likizo na Sabasaba inaanza tarehe 28, na pale viwanja vya Sabasaba, barabara ya Kilwa, kuna bembea na michezo mingi imekusanywa sehemu moja kwa kiingilio kimoja.

Treni ya jioni kutoka Kigoma ina kitu watu hawakipigii hesabu, usiku wa gesti umeshaulipia ndani ya nauli. Basi linalotembea mchana kutwa linakushusha jioni unaanza kutafuta chumba. Tuliteremka Dodoma, tukaingia Chinangali Park kupumzika na kuangalia watoto wa watu wakipanda bembea, kesho yake tukachukua SGR. Nauli ya kawaida Dodoma mpaka Dar ilitangazwa 31,000 ilipoanza 2024, kuna njia za bei chini ya hapo, lakini tulipiga kura na kura ilipita kwa wote sita, kwa sababu kwa mtu wa Kigoma treni ya umeme ya kasi ya kilomita 160 kwa saa ni sehemu ya kutembelea, ukishuka umeshafurahia.

Dar tulifikia kwa shangazi yake dada wa mawese, Mbagala. Hapa naomba nieleweke vizuri, kufikia kwa ndugu sio bure na isiwe bure. Dada alibeba dumu la lita ishirini la mawese na gunia la dagaa, dumu lile limefungwa nailoni mara tatu kwenye mfuniko na kamba ya katani juu yake, alilikalia njia nzima kama kiti. Tulipofika mgeni njoo mwenyeji apone ilionekana kwa macho, shangazi aligawia mpaka majirani, na mawese ya Kigoma kwa Dar ni kitu cha thamani kuliko tulivyoyanunulia. Ndo gesti yetu ilivyolipwa, na shangazi hakudhalilika kulisha watu sita.

Siku za Dar tulizigawa kwa upande wa mji. Siku ya Kigamboni ni ya Kigamboni tu, unavuka na pantoni kwa shilingi 200, unamaliza ya huko unarudi jioni. Siku ya Kunduchi ni ya barabara ya Bagamoyo, na njiani kurudi tukashuka Kijiji cha Makumbusho kuona nyumba za makabila. Watu wanafanya kosa la kuruka, asubuhi Kunduchi jioni Kigamboni, siku nzima inaishia kwenye foleni. Sehemu za maji nyingi hazikubali uingie na chakula wala uteleze na jinzi, na nguo za kuogelea za kukodi ni hela, kwa hiyo za kwetu tulizichambua mitumba ya Mwanga wiki tatu kabla, mwalimu alipata moja nzuri ya bluu ambayo hata Mlimani City usingeiona. Tulikula chapati na maharage tukashiba ndo tukaingia. Getini niliomba bei ya kundi, sehemu moja walipunguza, nyingine walikataa, na haikubadilisha sana hesabu, kama nilivyosema.

Fundi aliteleza mpaka mgongo ukachubuka. Alikuwa anashuka anakimbia kupanda ngazi tena, mtu mzima ana ndevu, na mi niliona ile elfu kumi ya kila Jumamosi imerudi yote pale.

Nanenane ndo ilifunga msimu. Mwaka huo iliangukia Ijumaa kwa hiyo mwalimu akapata siku tatu bila kuomba ruhusa, tukaenda Tabora, viwanja vya Fatma Mwassa pale Ipuli ambapo maonyesho ya kanda yetu yanafanyika, mifugo, mashine, asali ya kila aina, na bembea za kuhama zinazofuata maonyesho. Watu wa Kigoma tunapita Tabora usiku tumelala, hatujui kwamba Kwihara, kilomita chache tu nje ya mji, kuna tembe alilokaa Livingstone miezi kadhaa mwaka 1872 kabla hajaenda safari yake ya mwisho. Bajaji mbili, saa mbili za muda, na mwenyeji wa pale alituelezea vizuri misafara ya Wanyamwezi kuliko kitabu chochote cha shule alichofundishia mwalimu, alikiri mwenyewe.

Kutoka Tabora mwalimu alirudi kuwahi vipindi na rafiki yetu wa akiba akaja kuchukua nafasi yake, akamlipa yeye moja kwa moja, sisi hesabu haikuguswa. Shida ndogo ingekuwa vyumba, maana nesi na dada walikuwa wanawake wawili na mwalimu ni mwanaume, rafiki wa akiba nae mwanaume, kwa bahati ikabaki wanne na wawili. Siku nyingine ingevurugika, kwa hiyo ukichagua mtu wa akiba liangalie na hilo. Basi la asubuhi kupitia Nzega na Shinyanga mpaka Mwanza, tukalala, kesho yake safari fupi ya boti kutoka Capri Point kwenda kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kabisa, kilomita za mraba mbili na kidogo, lakini mawe yake na pimbi waliojaa juu yake vinatosha siku nzima. Kisha Bujora, Kisesa, makumbusho ya Wasukuma, ngoma kubwa na nyumba ya kifalme.

Mahali palipotushinda ni Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe kando ya ziwa letu. Nesi aliitaka kuliko kitu chochote, na hesabu ilikataa kwa sababu ni zaidi ya kilomita mia kusini kwa maji, boti inakula mafuta siku nzima kwenda tu, na huwezi kuifanya siku moja. Haikuingia kwenye kapu la msimu mmoja na Dar. Nesi alinuna kidogo, haki yake, alikuwa amechanga kama wengine na sehemu aliyoiweka namba moja ndo haikufikiwa, wakati ya fundi ilifikiwa. Kwenye kura zetu mwenye sehemu ya gharama kubwa anashindwa kila mara hata kama anaipenda kuliko wote, na hilo tumelirekebisha: msimu unaofuata sehemu kubwa moja inachaguliwa na yule ambaye yake iliachwa, hakuna kura, na zingine zinapangwa kuizunguka.

Kwa hiyo Dar haipo mwaka huu. Kule Mahale kundi la kuona sokwe linaishia watu sita na mnakaa nao saa moja, idadi yetu inaingia bila kubaki. Elfu kumi za Jumamosi zimeshaanza kuingia, nesi ameshaongea na wenye boti wawili wa Kibirizi, na kila mmoja ameambiwa atume bei yake kwa meseji.